Kicheko cha Kibanda Umiza

Nairobi watu walikaa ukumbini wakatazama filamu fupi za mapenzi ya jinsia moja. Gerezani sisi tulikaa kwenye benchi tukacheka. Mshikaji wangu mmoja amepita kote kuwili, na ndiye aliyenifanya niandike makala haya.

Kama umekulia Gerezani au Kariakoo, kibanda umiza hakihitaji utambulisho. Chumba cha mabati, pazia zito mlangoni, mabenchi ya mbao, tivii ya chogo iliyofungiwa ndani ya nondo, na feni moja inayompepea mwenye banda peke yake. Unatoa sarafu yako, unabanana. Majumba ya sinema ya mjini kama Empire na Avalon kwetu yalikuwa stori za wazee. Sinema yetu ilikuwa pale uchochoroni, jirani na mafundi wa kuchomelea, Van Damme akipigana huku jenereta likiunguruma.

Picha yenyewe ilikuwa na chenga. Tulichofuata ni watu. Mtu mzima anamwonya Rambo kwamba adui yuko nyuma, mwingine anabishana naye, na mtafsiri anatia vionjo vyake. Wale mnaomkumbuka Lufufu mnajua ninachosema, maana jamaa alikuwa anaweza kumpeleka Mmarekani mpaka Manzese.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Kila alipotokea kwenye skrini mwanaume wa sauti laini, anayetembea kwa madaha, banda zima lililipuka. Huyu anatupa neno, yule anaongezea. Mimi nilikuwa na mdomo, sikufichi. Na mshikaji wangu, ambaye tulikaa dawati moja tangu darasa la tatu, ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. Anacheka mpaka anashika mbavu.

Miaka mingi baadaye aliniambia kwa nini. Alikuwa ameshagundua kwamba asiyecheka ndiye anayeangaliwa.

Simu ya saa nne usiku

Tulikua. Mimi nikapata kazi, nikaoa. Yeye akapata kazi ya mambo ya mizigo, akahamia Nairobi. Usiku mmoja akanipigia.

"Oya mwanangu, upo na shemeji?"

"Yupo jikoni."

"Hebu toka nje kidogo."

Nikatoka kibarazani. Nikajua ni hela, au kuna msiba. Akaniambia ametoka kuangalia filamu. Filamu fupi fupi, moja baada ya nyingine, ukumbi mdogo mjini, halafu watu wakabaki kujadili. Nikamuuliza filamu gani hizo za kunitoa ndani usiku. Akanyamaza kidogo, halafu akasema:

"Watu wamecheka sana leo. Ila hawakunicheka mimi."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mtu anayetua mzigo wenye vitu vya kuvunjika. Kwamba yeye ndiye wale. Wale tuliokuwa tunawacheka. Tangu enzi za benchi.

Ningependa kukuambia kwamba nilijibu kishujaa. Nilisema, "Sawa kaka, tutaongea," nikakata simu. Nikarudi ndani, mke wangu akauliza ni nani, nikamwambia ni mambo ya kazi.

Kilichoniuma zaidi ni posa. Miaka miwili kabla ya simu ile, jamaa alikuwa anaoa. Mimi mwenyewe nilimsindikiza mshenga mpaka Mbagala kwa wazazi wa binti. Mahari ikatajwa, tukala pilau, na binti akaanza kutafuta ukumbi. Ghafla mwenzetu akajitoa bila maelezo. Nilimwita mhuni. Yule binti alilia, na mtaani kwao wakaanza kuulizana ana kasoro gani.

Kwa hiyo nilikuwa na hasira, na nilikuwa na aibu, vyote kwa pamoja. Nikataka kujua huo usiku wa filamu una nini hasa, mpaka umfanye mtu aseme neno alilolimeza miaka ishirini. Nikaanza kusoma na kuulizia.

Jengo la Maendeleo, Nairobi

Katikati ya Nairobi, kwenye makutano ya barabara za Monrovia na Loita, kuna jengo linaitwa Maendeleo House. Humo ndimo ilipo taasisi ya utamaduni ya Ujerumani, Goethe-Institut. Mwaka 2011 kulianzishwa pale tamasha dogo la filamu, Out Film Festival, kwa kifupi OFF. Mmoja wa waanzilishi wake ni mwandishi wa habari Kevin Mwachiro, ambaye mwaka 2013 alitoa kitabu cha masimulizi ya Wakenya wa jamii hiyo, kinachoitwa Invisible.

Usifikirie zulia jekundu. Tamasha kama hili ni ukumbi, projekta, viti na watu wanaozungumza taa zikiwashwa. Filamu fupi zina faida yake hapo. Ndani ya saa moja na nusu unaweza kuona maisha matano au sita tofauti: mmoja anaficha, mwingine amefukuzwa nyumbani, mwingine anapika tu chai na mpenzi wake na hakuna baya linalotokea. Mtazamaji halazimiki kukubaliana na yote. Anachagua ipi imemgusa, na mjadala unaanzia hapo.

Mshikaji wangu anasema kilichomshinda usiku wake wa kwanza haikuwa filamu. Ni kuona watu wa kawaida kwenye viti. Mhasibu aliyekuja na tai ya kazini. Mama mmoja wa makamo. Wachumba wawili, mvulana na msichana, waliokuja na rafiki yao ili asikae peke yake.

"Mimi nilikuwa najua tupo," aliniambia. "Sikuwa najua tunaweza kukaa."

Filamu tano, kamera moja

Ukitaka kuelewa kwa nini filamu fupi, uliza habari za Stories of Our Lives. Kikundi cha wasanii wa Nairobi kinachoitwa The Nest Collective kilianza mwaka 2013 kukusanya masimulizi ya watu wa jamii hiyo katika sehemu mbalimbali za Kenya. Hawakuwa na mpango wa filamu kubwa. Ila walivyosikiliza zile sauti, wakaona baadhi zinaomba picha. Wakatengeneza filamu fupi tano, zote za rangi nyeusi na nyeupe, chini ya uongozi wa Jim Chuchu, kwa kamera moja ya Canon na taa mbili. Kiingereza na Kiswahili vimechanganywa humo, kama vijana wa Nairobi wanavyoongea kila siku.

Moja inaitwa Ask Me Nicely, na jina lake la mtaani ni Itisha Poa. Kibongo tungesema "omba vizuri". Ni ya wasichana wawili wa sekondari wanaotenganishwa na uongozi wa shule. Nyingine, Run, ni ya kijana na rafiki yake kipenzi, na siku rafiki huyo anapogundua mwenzake anaingia baa gani. Each Night I Dream ni ya mwanamke anayewaza kila usiku jinsi ya kumtorosha mpenzi wake sheria zikibana. Duet inatokea ndani ya chumba cha hoteli.

Ya mwisho nitakayoitaja ndiyo iliyonikaba, Athman. Wafanyakazi wawili wa shamba, Ray na Athman, ni marafiki wa miaka. Anakuja dada mmoja, Athman anaanza kumchangamkia, na Ray anabaki na kitu kooni ambacho hawezi kukitaja. Nilisoma maelezo yake nikakumbuka kikao cha harusi yangu. Mshikaji wangu alikuwa mweka hazina. Alikusanya michango kuliko wote, akacheza muziki mpaka asubuhi, kisha akapotea wiki mbili. Sijawahi kumuuliza, na sidhani kama nitamuuliza.

Filamu hizo zilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto, Septemba 2014. Mpaka wakati huo watengenezaji walikuwa wameficha majina. Kule Toronto watatu wao, Jim Chuchu, George Gachara na Njoki Ngumi, wakaamua kujitaja. Waliporudi nyumbani, Bodi ya Uainishaji wa Filamu Kenya ilikataa zisionyeshwe wala kuuzwa, kwa madai kwamba zina matukio ya ngono na zinahamasisha ushoga kinyume na maadili ya taifa. Oktoba hiyo hiyo Gachara alikamatwa kwa kosa la kupiga filamu bila kibali, na baadaye mashtaka yakafutwa. Februari 2015 filamu zikapata tuzo ya majaji wa Teddy kule Berlin. Yaani Mjerumani akaziona na Mkanada akaziona. Mtu wa Kisumu aliyetoa simulizi lake hakuruhusiwa kuziona kwa kulipa kiingilio nchini kwake.

Siku saba za Rafiki

Halafu ikaja Rafiki. Hii ni filamu ndefu, ila inafaa tuitaje kwa sababu ya kilichotokea. Wanuri Kahiu aliitengeneza kutokana na hadithi fupi ya Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Ni mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi ambao baba zao ni wapinzani kwenye uchaguzi. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi katika tamasha la Cannes. Nyumbani ilikuwa imeshapigwa marufuku mwezi mmoja kabla. Kahiu alieleza kwamba bodi ilitaka mwisho wa filamu ubadilishwe, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Akakataa.

Septemba 21, 2018, Jaji Wilfrida Okwany wa Mahakama Kuu aliondoa marufuku hiyo kwa siku saba tu, kwa watu wazima pekee, ili filamu iweze kufikiriwa kwa tuzo za Oscar. Jamani, Nairobi ilifurika. Tiketi zikaisha na maonyesho yakaongezwa. Siku saba zikapita, marufuku ikarudi, na Aprili 2020 Mahakama Kuu ikaitupa kesi ya Kahiu.

Hebu tulitazame jina hilo. Kahiu amesema wapenzi wengi wa jinsia moja wanapotambulishana kwa watu husema tu, "huyu ni rafiki yangu." Sisi watu wa pwani tuna neno letu pia. Shoga, kwa mama zetu, ni mwanamke mwenzako unayemwazima khanga na kumpa siri. Mtaa ukalichukua neno hilo la upendo ukalifanya tusi. Bibi yangu mpaka anafariki alikuwa na shoga yake wa Shauri Moyo, na hakuna aliyecheka.

Milango inapovunjwa

Nisikudanganye kwamba mambo haya huwa rahisi. Kampala, Desemba 2016, lilifanyika tamasha la kwanza la Queer Kampala, likiongozwa na mtengenezaji filamu Kamoga Hassan. Kumbi zilikuwa siri mpaka dakika za mwisho. Desemba 2017 wakarudia, polisi wakavamia, tamasha likakatishwa na watu wakatawanyika. Mei 2023 Uganda ikapata sheria mpya kali zaidi dhidi ya mapenzi ya jinsia moja. Kenya nako, Mei 24, 2019, Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya sheria vinavyotoa adhabu ya mpaka miaka 14 jela.

Na kwetu? Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyokazwa na sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, kinaanzia kifungo cha miaka 30 na kinaweza kufika maisha. Filamu yoyote ya kuonyeshwa hadharani inapita Bodi ya Filamu, chini ya sheria ya mwaka 1976. Na wengi mnakumbuka Oktoba 2018, wiki chache tu baada ya siku saba za Rafiki, Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam wa wakati ule alipotangaza kuunda kikosi cha kuwasaka watu hawa na kuomba wananchi wataje majina. Serikali kuu ilitoa tamko kwamba yale yalikuwa maoni yake binafsi. Lakini kwa mtu aliyepanga chumba Kariakoo, mwenye nyumba akijua kila anayeingia, tangazo lilikuwa limeshafika.

Ndiyo maana hutasikia usiku wa namna hii Gerezani. Anayetaka kuona anaona peke yake kwenye simu, ndani ya shuka, sauti imezimwa. Anaona kila kitu, ila hana wa kumgeukia. Na yule anayeishi naye, kaka, mke au mama, anabaki na picha ileile ya kibanda umiza: mtu wa kuchekwa.

Tukakaa watatu

Desemba moja mshikaji alikuja likizo, akafikia kwangu. Tulikuwa tumeshaongea sana kwa simu, na kwa ruhusa yake nilikuwa nimemwambia mke wangu. Nilimwambia huku nikiogopa. Ni mtu wa swala tano, amelelewa Gerezani kama mimi. Alikaa kimya siku nzima. Kesho yake akaniuliza swali moja tu: "Na yule binti wa Mbagala?"

Sasa usiku huo, watoto wamelala, jamaa akatoa kompyuta yake akasema ana filamu fupi, dakika kumi na kitu. Mke wangu akasema weka. Tukakaa watatu kwenye kochi moja, yeye katikati na bakuli la karanga.

Filamu ilipoisha shemeji mtu akamgeukia. Hakuzungumzia dini, na hakuzungumzia sheria.

"Shem, yule binti alijua?"

"Hapana."

"Basi una deni lake. Siyo lazima umwambie yote. Mwambie tu kwamba kosa halikuwa lake."

Jamaa aliinama. Niliona mikono yake inatetemeka. Akasema alijitoa kwa sababu alimpenda kama dada na hakutaka kumfunga kwenye nyumba isiyo na mume. Mke wangu akamjibu kwamba hilo ni jema, lakini binti amekaa miaka anajitazama kwenye kioo akitafuta kasoro.

Nikawaza ni wanandoa wangapi wanalala kitanda kimoja na siri ya aina hii. Mtaa unamsukuma kijana aoe ili watu wanyamaze, halafu mtoto wa watu analipa bili. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Alimwandikia yule dada kabla hajarudi Nairobi. Mpaka leo hajajibiwa.

Rafiki au ndugu akikuambia

Haya ni niliyojifunza kwa kukosea kwanza:

*Usikate simu.* Kama huna la kusema, sema, "Nimekusikia, nipo." Inatosha kwa usiku wa kwanza.

*Siri ni yake.* Usimwambie hata mpenzi wako bila ruhusa. Kwa sheria zetu, neno moja likipotea linaweza kumgharimu mtu kazi, nyumba, hata uhuru wake.

*Usimtafutie mchumba.* Ndoa ya kufunika kombe huwaumiza wawili, na watoto juu yake.

*Wewe na mwenzako ongeeni kabla hajafika mgeni.* Mmoja akiwa na ukakasi, aseme. Mke wangu hakubadili imani yake usiku ule. Aliuliza tu maswali kwa heshima, na mgeni akala chakula chake kwa amani.

*Angalia unacheka nini.* Aliyekaa karibu nawe anasikia.

Kibanda kile cha uchochoroni hakipo tena. Siku hizi ukitokea upande wa kituo cha mwendokasi cha Gerezani unakuta maduka ya vipuri, na kila kijana ana sinema yake mfukoni.

Nimesahau kukuambia kitu kimoja kuhusu ile filamu ya sebuleni. Katikati kuna sehemu inachekesha kwelikweli, jamaa wawili wanagombania nani aende kununua mkaa huku mvua inanyesha. Mke wangu alianza kucheka, mshikaji akafuata, mpaka karanga zikamwagika. Mimi nilichelewa kidogo. Safari hii mimi ndiye niliyekuwa naangalia kwanza nani anacheka.

Je, msomaji, wewe ulikaa benchi la ngapi?